Mtani Aliyebeba Vyombo Vyangu

Juma lililopita niliwaacha nikishuka katika kamyoneti, gari dogo la mizigo la padri, mbele ya nyumba yangu ya Kamalondo, na wanawake wa bombani wakitupa ndoo zao na kukimbia.

Wengi mmenisimamisha njiani kuniuliza: walikimbia nini? Tulieni. Mna haraka gani, ninyi mnaosoma gazeti hili begani kwa jirani?

Na kwa wale ambao gazeti lililopita walifungia karanga, narudia kwa kifupi. Sitarudia tena.

Mimi ni Donat Kapya, fundi wa vyombo vya muziki. Nilizaliwa upande wa ziwa, karibu na Baudouinville, ambako mapadri walinifundisha kupuliza tarumbeta na kuwadharau wanaoipuliza vibaya. La pili nililishika vizuri zaidi.

Ukuta mzima wa chumba changu cha mbele ulikuwa vyombo. Palikuwa na kodiani yenye ngozi nyekundu, magita, zeze, madimba, tarumbeta za bendi ya zamani ya misheni, na kisanji cha mjomba wa mama yangu. Kila kimoja nilikiokota kikiwa kibovu, kimetupwa na wajinga, nikakifufua kwa mikono yangu.

Halafu daktari akaniambia moyo wangu umechoka, nijipange. Nikajipanga.

Kwa desturi yetu, mrithi wa mtu ni mtoto wa dada yake. Mtoto wa dada yangu Jeanne anaitwa Adalbert. Adalbert hupiga gita katika mabaa kama anapasua kuni, na walevi humshangilia. Binti yangu Delphine ndiye mwenye masikio na vidole, lakini mtoto hamrithi baba yake. Ndivyo wazee walivyoamua, na wazee wale hata filimbi hawakujua kupuliza.

Basi nikatafuta mlango wa nyuma.

Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi. Rafiki yangu Musonda ni wa ukoo wa Chui. Chui humla mbuzi, kwa hiyo tangu mababu sisi ni watani, au kama tunavyosema huku, banungwe, na mmoja wao ni munungwe. Yeye huniita nyama yake, mimi humwita paka mwenye madoa, na hakuna anayekasirika. Mtani ndiye anayekuzika. Na siku ya kilio chako anaweza kuingia nyumbani mwako akicheka, akabeba anachotaka, na ndugu zako wakanyamaza. Anayemzuia mtani kilioni amejitafutia balaa.

Nikamwambia Musonda: siku nikifa, ingia ukicheka, beba vyombo vyote, usiache hata waya. Halafu polepole umkabidhi Delphine. Jeanne na mwanawe wabaki wakihesabu misumari ukutani. Musonda alicheka mpaka akashika mbavu, akakubali.

Sikumwambia mtu mwingine. Mke wangu Laurentine hawezi kukaa na neno tumboni, na Delphine bado ni mtoto. Nilijiona mwerevu kuliko Kamalondo nzima, jambo ambalo si gumu.

Ndipo ukaja ule mwezi wa tisa wa mwaka sitini na moja. Katanga ilikuwa inajiita nchi. Tulikuwa na bendera mpya na stempu mpya, na maji ya bomba yalikuwa yanakatika kama zamani. Siku moja nilikwenda mjini kununua gundi, risasi zikaanza, majandarme, askari wa Katanga, upande huu na watu wa ONU, Umoja wa Mataifa, upande ule. Sisi wa kaskazini, tuliohesabiwa maadui wa nchi hiyo mpya, tulikuwa tunatafutwa. Nilikimbia na umati, nikaanguka karibu na reli, nikapoteza kofia, nikajikuta katika kambi ya wakimbizi. Huko tumbo likanishika, na njia ya kurudi ilikuwa imefungwa kwa kizuizi, barrière, cha vijana wenye mapanga na minyororo ya baiskeli. Nilikaa humo mpaka padri mmoja aliponificha chini ya magunia na kunileta nyumbani.

Hapo ndipo tulipo. Ndoo zinabingirika, maji yanamwagika, na mimi nimesimama mbele ya lango langu.

Laurentine alitoka jikoni kwa mbio. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa, na kiunoni amefunga kitambaa cheusi. Aliponiona alishika nguzo ya baraza.

"Usiingie!" alipiga kelele. "Baba Delphine, simama pale pale! Usikanyage mulango!"

"Weye mama, uko na kichwa kweli? Natoka ku kambi na hii tumbo, na unanikataza nyumba yangu?"

"Tulisha kukulilia. Kilio yako ilisha kupita."

"Kilio ya nini? Si uko unaniona?"

"Niko nakuona, ee. Njo maana natetemeka." Alizidi kuikumbatia nguzo. "Balileta kofia yako na damu. Muntu alisema alikuona unaanguka ku reli, bantu banapita juu yako. Muntu yenye balimulilia haingie mu nyumba mupaka munungwe yake amuingize. Unajua vizuri. Balisha kwenda kumwita Musonda."

Niliijua desturi. Kwa watu wengine niliiona ni upuuzi wa watu wasiojua kusoma. Lakini majirani walikuwa wamejaa uani, na kila mmoja alikuwa tayari kupiga yowe nikiinua mguu. Basi nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele ya mlango wangu mwenyewe, kama muuza mkaa anayengojea kuitwa.

Delphine alitoka. Naye alikuwa amenyolewa. Alinitazama, akaniita "papa" mara moja, halafu akalia hata akakaa chini. Hakunigusa, kwa sababu mama yake alikuwa amemshika mkono. Namsamehe kulia kwake, maana nami macho yalikuwa yananiwasha.

Halafu akaja dada yangu Jeanne, na huruma yangu ikakauka.

"Yoo, Donat! Mwana wa mama! Mon Dieu, mon Dieu!" Alijitupa mchangani hatua chache kutoka kwangu, akapiga kifua, akabingirika.

"Ulilia hivi hivi siku ile?" nilimwuliza.

"Kupita hivi."

"Basi ulichoka bure. Inuka, unaharibu kitenge."

Alinyamaza kama redio iliyozimwa. Niliona wanawake wawili wakiziba midomo.

Nilipokuwa nimekaa pale, mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi, na macho yangu yaliingia ndani kabla ya miguu. Niliuona ukuta. Ukuta ulikuwa mtupu. Misumari ilikuwa imebaki peke yake, na chini ya kila msumari palikuwa na alama nyeupe ya kitu kilichokaa hapo miaka.

Ndugu wasomaji, nilicheka. Nilicheka mpaka tumbo langu bovu likauma.

"Amerukwa," Jeanne alinong'ona. "Njo ile ya kambi."

"Haiko kambi," nilisema. "Niko nacheka weye. Vyombo viko wapi, dada?"

"Musonda alibeba. Byote. Alikuya siku ya kilio anacheka sawa mulevi, akabeba byote, na hatukuweza kusema kitu."

"Na unajua nani alimutuma?"

Hapo ningenyamaza, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwauzia. Sikunyamaza. Nilikuwa nimetoka katika kifo, nimekalishwa juu ya kinu, na nilitaka mtu mmoja angalau aone haya. Niliwaeleza mpango wote, mbele ya majirani, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Jeanne aliinuka polepole, akajipangusa mchanga.

"Kumbe ulituona shiye banyang'anyi."

"Sikuwaona. Niliwajua."

"Adalbert ni mwipwa yako. Bile bintu bilikuwa byake."

"Adalbert angeuza tarumbeta ya misheni anunue kravati ya shingoni. Nilimwona akifunga gita kwa kamba ya viatu."

"Alikuwa mutoto!"

"Hata sasa anapiga vile vile."

Laurentine alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda, namna ya mtu anayesikia habari ambayo tayari alikuwa anaijua. Delphine alikuwa ameacha kulia. Nilitegemea afurahi, maana nilikuwa nimetoka kutangaza kwamba yeye ndiye mrithi. Alikuwa anauma ncha ya kitambaa chake.

"Unasikia, mama?" nilimwambia binti yangu. "Vyote ni vyako."

"Papa," alisema, "ngojea ba Musonda bakuye."

Wakati huo huo Adalbert aliingia uani.

Nilimwona kwanza kichwa. Kichwa cha Adalbert kilikuwa na nywele zote, zimechanwa, zimepakwa mafuta. Nyumba nzima vichwa vilikuwa kama mayai, hata mjane wa jirani ambaye simjui jina alikuwa amenyoa kwa ajili yangu. Mrithi wangu hakuwa amepunguza hata unywele mmoja.

"Yama," alisema. Ndivyo tunavyomwita mjomba. Sauti yake ilikatika, akasimama.

"Karibu, bwana wa saluni," nilisema. "Naona kilio yangu haikukuharibia chanuo."

Alitazama chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kitambaa na kipande cha ubao.

"Na mkono? Ulianguka ku dansi?"

"Haiko kitu, yama."

"Papa, basi!" Delphine alisimama. Sijapata kumsikia akinipigia sauti kabla ya siku ile. "Yaya Adalbert, mukubwa yangu, alikatala kunyolewa sababu alisema haukufa! Bantu bote balisema umekufa, yeye peke yake alikatala. Alisema hatukuona mwili, miye silii. Alikwenda kule ku kambi kukutafuta, bale batoto ba ku barrière bakamuvunja mukono. Alirudia na mukono kuvunjika, kesho yake akaenda tena!"

Adalbert aliuficha mkono ule nyuma ya mgongo.

"Na siku ba Musonda balikuya kubeba," Delphine aliendelea, "alilala mu mulango. Alisema bile bintu bingoje mwenyewe. Mama yake mwenyewe alimuvuta miguu, juu ya kuogopa balaa. Bantu bakamutemea mate."

Nilimtazama Jeanne. Jeanne alitazama kinu.

Nilitafuta neno la kumwambia kijana yule. Nilitafuta kweli, na lilikuwa karibu, nililisikia kooni. Lakini miaka yote mdomo wangu ulikuwa umezoea njia moja tu kwake.

"Wakati ulilala mlangoni," nilisema, "hukugusa kodiani na mikono ya mafuta?"

"Hapana, yama," alijibu kwa adabu. "Sikugusa."

Ndipo Musonda akafika.

Musonda mnamjua kutoka matoleo yaliyopita. Ni mtu mnene, wa sauti kubwa, anayefanya kazi ya kuchinja sokoni na kucheka misibani. Nilitegemea aingie akipiga kelele: nyama yangu, habari ya chini huko, funza wamekukataa? Badala yake alisimama langoni akavua kofia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mbuzi," alisema.

"Chui," nilisema. "Umenenepa. Kilio yangu ilikuwa na nyama?"

Hakucheka. Aliomba maji. Alinimwagia kichwani, akanipiga kofi shavu hili na shavu hili, kama desturi inavyotaka, akanishika mkono akaniinua kutoka kwenye kinu.

"Mbuzi ameponyoka," aliwaambia watu. "Chui hakumumaliza. Aingie kwake."

Wanawake walipiga vigelegele. Laurentine alikuja mwishowe akanishika mabega, akaweka kichwa chake kilichonyolewa kifuani pangu, na nilisikia joto lake. Ulikuwa wakati mzuri. Ningepaswa kuuacha ukae kidogo.

"Musonda," nilisema juu ya kichwa cha mke wangu, "vyombo uliviweka wapi? Ulisha kumpa Delphine?"

Laurentine alijitoa, akarudi hatua moja.

"Munungwe," Musonda alisema, "ingia kwanza ukule."

"Niambie."

"Kula kwanza."

"Uliuza? Ukiwa uliuza, sema, nikufie hapa hapa mara ya pili."

"Sikuuza." Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Sikiliza muzuri. Weye ulinipa kazi ya kubeba. Niliibeba, nilicheka sawa vile uliniomba, na moyo ulikuwa unaniuma juu niliamini umekufa. Lakini bankambo, babu zetu, banatupa kazi ingine. Munungwe anazikaka. Na ile njo mukubwa."

"Unizike na nini? Mwili haukuwepo."

"Njo vile."

Alijipangusa shingo kwa kofia, katika jua lile la mwezi wa kumi.

Musonda alieleza. Watu walikuwa wamelala juu ya mikeka wiki kwa wiki. Kilio hakikuweza kuinuliwa, kwa sababu aliyekufa hajazikwa. Delphine hakwenda shule. Laurentine hakuwasha moto wake. Wakaanza kusema kwamba natembea, kwamba mtu amenisikia nikikohoa nyuma ya nyumba. Na mtu wetu akipotea bila mwili, akamezwa na ziwa au na vita, mtani hutengeneza sanduku na kuweka ndani kitu kile ambacho mtu huyo alikipenda kuliko vyote. Kitu hicho kinazikwa kwa jina lake, kinakuwa yeye, na watu wanakwenda kulala majumbani mwao.

"Basi si mlikuwa na kofia," nilisema. "Kofia yenye damu!"

"Haiko kofia, munungwe. Muntu hapendake kofia. Nilikaa chini na mama hapa. Nilimuuliza: bwana yako, mu bintu byote bya dunia, alikuwa anapenda nini kupita byote?"

Niligeuka kumtazama Laurentine.

"Ulisema nini?"

"Nilisema kweli," alijibu.

"Ulisema nini?"

"Nilisema: haiko miye. Haiko Delphine. Ni bile bintu bya ku ukuta."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira, ningejua la kumjibu. Alisema kama mwanamke anayemwonyesha mgeni njia ya kwenda sokoni. Na katika uani mzima, mbele ya ndugu na majirani na watu wa bombani, hakutokea mtu mmoja wa kusema: hapana, mama, umekosea.

"Vyote?" niliuliza.

"Byote," Musonda alisema. "Sanduku ilikuwa mukubwa sana. Seremala alituuliza kama tunazika muzungu."

Ndipo radi ikapiga, upande wa Annexe, pembezoni mwa mji.

Mkazi wa mji huu hahitaji kuelezwa. Tangu mwezi wa nne hatukuwa tumeona tone. Udongo ulikuwa umekauka kama matofali, na sanduku langu lilikuwa limekaa humo salama. Lakini mvua ya kwanza ya Katanga haibishi hodi. Inashuka, inaingia kila shimo, na kaburi jipya linabonyea kama godoro. Niliiona gundi niliyoichemsha mwenyewe ikiyeyuka. Niliiona ngozi ya kodiani ikivimba, madimba yakipasuka, kisanji kikishika kutu.

"Jembe," nilisema. "Leteni jembe!"

Nilitoka bila kuingia nyumbani kwangu. Nilikwenda kwa miguu, na tumbo lile, na moyo ule, nikipita katikati ya watu wa Kamalondo waliokuwa wananikwepa na kujifanyia ishara ya msalaba. Nyuma yangu walikuja wote, Laurentine, Delphine, Jeanne, Adalbert na jembe begani, Musonda akihema. Wingu lilikuwa limefunika nusu ya anga.

Kaburi langu lilikuwa mwisho wa malalo, yaani makaburi, upande wa ukuta. Nilisimama mbele ya msalaba wangu. Walikuwa wameutengeneza kwa mbao za kasha la sabuni, chapa ilikuwa bado inasomeka nyuma. Hata kwa kifo changu walichagua mbao za bei ya chini.

"Fukula," nilimwambia Musonda.

"Hapana."

"Weye njo ulifunga. Weye fungua."

"Munungwe, kichwa yako iko wapi?" Musonda hakuwa na utani hata chembe. "Hii kaburi iko na jina. Ilisha kukula ile jina. Kama unaifungua, unainyang'anya ile tuliipa, itaomba muntu. Na haiko kuomba muntu yoyote. Inakamataka mwenye kuingiza jembe wa kwanza. Niliona ku Kasenga, na macho yangu. Mwenye kufukula hakumaliza masika."

"Mambo ya kijinga," nilisema. "Miye nilisoma kwa bapadri."

"Basi kamata jembe, weye mwenye kusoma."

Adalbert alininyoshea mpini. Nilinyosha mkono.

Nataka mnielewe. Nilikuwa nimewacheka watu wa namna hii maisha yangu yote. Niliwaita washamba, wajinga, watu wa kuogopa bundi. Mkono wangu ulifika karibu na mpini ule, ukasimama. Niliuamuru uendelee. Vidole havikufunga. Nilikuwa nimetoka kuponyoka kifo mara moja, na niliogopa, basi, niliogopa kama mtu yeyote asiyejua kusoma.

Niliurudisha mkono mfukoni nikajifanya natafuta leso.

Waliona wote. Laurentine aligeuza uso.

Tone la kwanza lilianguka juu ya msalaba.

"Nitafukula miye," Adalbert alisema.

Jeanne alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na safari hii hakujibingirisha. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akashika miguu yangu yote miwili.

"Donat. Ndugu yangu. Katala. Umwambie hapana. Niko na huyu mumoja tu, unajua niko na huyu mumoja. Bintu bya muziki utapata bingine. Katala!"

"Mama, inuka," Adalbert alisema. "Haiko kitu." Alikuwa ameshika jembe kwa mkono mmoja, ule mzima, na kuliegemeza begani. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa kijana anayengoja kutumwa dukani. "Miye nilisema mwenye bintu atarudia. Alirudia. Sasa hawezi kukaa mu nyumba ya misumari. Yama, kaburi iko yako, siwezi kuanza bila sauti yako. Sema tu."

"Papa," Delphine alisema. Alikuwa upande wa pili wa kaburi. "Papa, sikia. Miye sitaki. Hata ukitosha byote mu kaburi, sitagusa hata kimoja. Unasikia? Hata kimoja. Utakuwa unabitosha juu ya nani?"

Matone yalikuwa yanaongezeka. Yalipiga udongo mwekundu na kila moja likaacha tundu dogo, na matundu yakaanza kuungana. Harufu ya mvua ilipanda. Watu wote walikuwa wananitazama, dada yangu kutoka chini, mke wangu kutoka pembeni, mtani wangu akitikisa kichwa polepole kwamba hapana, hapana, hapana.

Adalbert aliingoja sauti yangu.

"Fukula," nilisema.